Kuunda Programu za Kompyuta Si Harambee

Jumamosi moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, alinijia nyumbani kijana niliyemfunza Hisabati katika kidato cha tatu na cha nne. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamtambua kwa sura, kwa kuwa alikuwa ameota ndevu na kukonda. Siku hizi ni mhandisi wa programu za kompyuta katika kampuni moja jijini Nairobi. Aliniamkia, akaketi, akanywa kikombe kizima cha chai bila kusema lolote la maana, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nimepewa watu kumi. Niwapokee au niwakatae?"

Sikumwelewa. Katika kazi yetu ya ualimu, mtu akiahidiwa walimu kumi wa ziada huenda akachinja mbuzi. Nikamwomba anieleze tangu mwanzo.

Walikuwa wahandisi watano chini ya kiongozi mmoja, nao walipewa kazi ya kuunda mfumo wa kupokea malipo ya wateja na kuyawekea hesabu. Kazi ilipangiwa kumalizika mwezi wa Juni. Juni ikapita, kazi haijaisha. Kiongozi wao, mama mmoja waliyempenda, akachoshwa na mikutano ya kuulizwa kwa nini, akajiuzulu, na kijana wangu ambaye hajatimiza miaka thelathini akapandishwa mahali pake. Makataa mapya yakawekwa: mwisho wa Septemba. Mkubwa wake, ambaye kijana alisisitiza kwamba si mtu mbaya, akamwita ofisini na kumkabidhi mambo matatu kwa pamoja: watu kumi kutoka idara nyingine, ahadi ya marupurupu kazi ikiisha kwa wakati, na onyo kwamba isipoisha wapo watakaotafuta riziki kwingine.

Mkubwa huyo simlaumu upesi. Sisi Wakenya tumelelewa kwa imani kwamba wingi wa mikono ndio dawa ya kila kazi nzito. Tangu mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa mwito wa taifa, tumeona kwa macho yetu madarasa, zahanati na mabirika ya maji yakijengwa na watu waliokuja na jembe, mawe na shilingi kumi kumi. Tumefunzwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa na mkono mmoja haulei mwana. Lakini wahenga hao hao walikuwa mabaharia pia, nao walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hizi hazipingani. Kila moja ina kazi yake, na mzigo wa kiongozi ni kujua aliyonayo mkononi ni kazi ya methali ipi.

Kuna mtu aliyelijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Jina lake ni Frederick Brooks, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2022. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza jamii mpya ya kompyuta iliyoitwa System/360. Brooks ndiye aliyesimamia uundaji wake, kisha akakabidhiwa usimamizi wa programu kuu ya kuziendesha mashine hizo, iliyojulikana kama OS/360. Kazi hiyo ilipopamba moto, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wakiifanya. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na kampuni yenyewe ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote za aina yake. Hata hivyo programu ilichelewa, ikahitaji nafasi kubwa ya kumbukumbu kuliko ilivyokusudiwa, ikagharimu mara kadhaa ya makadirio, na ilichukua matoleo kadhaa kabla ya kutulia.

Brooks alipokuwa akiondoka IBM kwenda kuanzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha North Carolina, mkuu wa kampuni, Thomas Watson mdogo, alimwuliza kwa nini ilikuwa vigumu zaidi kuongoza kazi ya kuandika programu kuliko kazi ya kuunda mashine zenyewe. Swali hilo lilimkaa moyoni kwa miaka. Jibu lake lilitoka mwaka 1975 katika kitabu kiitwacho The Mythical Man-Month, ambacho hadi leo husomwa na wenye kazi hii kama vile waalimu wa fasihi wasomavyo Shaaban Robert.

Jina la kitabu hicho linashutumu kipimo ambacho wapangaji wa kazi hukipenda mno. Mtu mmoja akifanya kazi kwa mwezi mmoja, huhesabiwa mwezi-mtu mmoja. Kwa hiyo watu kumi kwa mwezi mmoja huonekana kuwa sawa na mtu mmoja kwa miezi kumi. Hapo ndipo nilipojiona nami nina sehemu ya lawama. Ni mara ngapi nimesimama mbele ya ubao na kuandika: ikiwa watu sita huchimba mtaro kwa siku nane, watu kumi na wawili watauchimba kwa siku ngapi? Darasa zima hupaaza sauti: "Nne!" Nami huweka alama ya vema. Sikumbuki hata siku moja kuwaambia kwamba hesabu ile ni ya mitaro, na kwamba ziko kazi ambazo watu sita huzimaliza kwa siku nane na watu kumi na wawili huzimaliza kwa siku kumi na tano. Huenda mkubwa wa kijana wangu alifunzwa na mwalimu kama mimi.

Nilitafuta bahasha kuukuu, nikaanza kumchorea yale ambayo Brooks aliyafafanua. Mtaro haudai mazungumzo. Aliye upande huu wa shamba hahitaji kujua aliye upande ule amechimba vipi, bora wakutane katikati. Programu ya kompyuta ni kitu cha fikira tupu. Sehemu moja huitegemea nyingine, na atakayeandika namna ya kupokea fedha hana budi kukubaliana neno kwa neno na atakayeandika namna ya kuzihesabu. Kila jozi ya watu ni njia moja ya mazungumzo, na kila njia ni mahali panapoweza kuzaliwa kutoelewana. Watu watano wana njia 10. Nilimwomba kijana azihesabu njia za watu kumi na watano. Hakuwa amesahau alichofunzwa: kumi na tano mara kumi na nne, gawanya kwa mbili. Njia 105. Alitazama tarakimu ile kwa muda, akacheka kicheko kisicho na furaha.

Na hayo ni kabla ya gharama ya mafunzo. Watu kumi wanaokuja hawaujui mfumo. Nani atawafunza? Ni wale watano wanaoujua, ambao ndio peke yao wanaoweza kuusukuma mbele. Kwa majuma kadhaa wataacha kuandika na kugeuka walimu. Kazi iliyochelewa kwa miezi miwili itaongezewa kuchelewa kwingine, kisha mtu fulani katika kikao atapendekeza waongezwe watu wengine ishirini. Brooks aliifanya hali hii kuwa kanuni iliyopewa jina lake: kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huifanya ichelewe zaidi. Mwenyewe alikiri kwamba kanuni hiyo hurahisisha mambo kupita kiasi. Mwanzoni mwa kazi watu wanaweza kuongezwa bila madhara makubwa. Wakati wa kilio, siyo.

Lakini sehemu ya kitabu hicho ninayoiheshimu zaidi haihusu hesabu. Ni pale Brooks anapoungama kosa lake. Ilipofika wakati wa kuandika maelezo kamili ya jinsi OS/360 itakavyokuwa, walimjia mameneja wawili. Wa kwanza, aliyeongoza wasanifu, alikuwa na watu 10 hodari, naye alisema wataifanya kazi hiyo vizuri kwa miezi kumi, yaani miezi mitatu zaidi ya ratiba. Wa pili alikuwa na watu 150, naye alidai kwamba watu wake wangeimaliza kwa wakati uliopangwa. Zaidi ya hayo, aliuliza, je, hawa 150 wakae wakitazamana kwa miezi kumi? Yule wa kwanza alionya: ukiwapa wale 150, watachelewa miezi mitatu vile vile, na kazi yao itakuwa duni. Brooks akawapa wale 150. Wakachelewa miezi mitatu, na kazi ikawa duni. Kwa makadirio yake mwenyewe, uamuzi huo uliongeza mwaka mzima wa kusaka na kurekebisha hitilafu.

Fikiri, msomaji, ni wakubwa wangapi unaowajua ambao wangeandika kisa hicho kwa mkono wao na kukichapisha ili kisomwe na waliokuwa chini yao. Brooks hakusema timu ilikuwa ya wavivu, wala hakumtafuta karani wa kumtwika lawama. Aliandika kwamba aliyemwonya alisema kweli na yeye aliyeamua alikosea. Mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kuu katika taaluma ya kompyuta. Ungamo lile halikumpunguzia kitu.

Hili linanirudisha kwa lile onyo la kutafuta riziki kwingine. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001. Nahofia kwamba baadhi ya watu walikiokota nje ya lango na kukipeleka ofisini. Mwalimu yeyote aliyefunza wakati wa kiboko anajua kilichotendeka darasani: mtoto asiyeelewa aliacha kusema kwamba haelewi. Alijifunza kuitikia "Ndiyo, Mwalimu," na tukagundua ukweli siku ya mtihani. Nilimwuliza kijana kama hali hiyo ipo katika timu yake. Alisema kwamba kila Ijumaa tangu Februari mhandisi mmoja alikuwa akiandika katika ripoti kwamba sehemu yake imekamilika kwa asilimia 90. Kila Ijumaa, asilimia 90. Hakuna aliyemwuliza zile kumi zinakaa wapi, na yeye hakuthubutu kusema kwamba amekwama.

Brooks anatusaidia kuelewa hata kufumba huku. Kwa uzoefu wake, theluthi moja ya muda wa kazi ya programu yafaa iwe ya kupanga, sehemu moja tu kati ya sita ni ya kuandika maagizo yenyewe, na nusu nzima iliyobaki ni ya kujaribu: kwanza kila sehemu peke yake, halafu mfumo wote kwa pamoja. Mkubwa asiyejua hilo huona maagizo yameandikwa akadhani nyumba imeezekwa, kumbe ni msingi uliomiminwa. Mhandisi naye, akiulizwa kwa ukali, hujibu kwa kile kinachoonekana.

Je, woga huu unatibika? Mwaka 1971 Gerald Weinberg, aliyeandika kuhusu saikolojia ya wanaprogramu, alieleza desturi ya kundi ambalo kila mmoja alimpa mwenzake kazi yake ili aikague kabla ya kuiamini. Alitoa mfano wa mwanaprogramu mmoja ambaye mwenzake, mwanamke, alimgundulia makosa 17 katika sentensi 13 za maagizo. Wewe na mimi tungejificha. Bwana huyo alishinda siku nzima akiwasimulia wenziwe, akishangaa jinsi alivyoweza kukosa kiasi hicho katika nafasi ndogo namna ile. Katika kundi lile kosa lilikuwa mali ya wote, kitu cha kusakwa kwa pamoja kama panya ghalani. Watu hawazaliwi hivyo. Hufanywa hivyo na kiongozi ambaye amewahi, mbele yao, kukabidhi kazi yake mwenyewe ikaguliwe.

Kuhusu marupurupu nitasema machache. Mshahara ni haki, na anayechelewesha mshahara hana haja ya kusoma makala haya, alipe kwanza. Lakini fedha zikishatosheleza mahitaji, haziharakishi fikira. Mwanafunzi aliyekwama katika hesabu ya logi hataitatua upesi kwa kuahidiwa baiskeli. Kati ya mwaka 1984 na 1986, Tom DeMarco na Timothy Lister waliwashindanisha wanaprogramu zaidi ya 600 kutoka kampuni 92 katika kuandika programu ile ile. Tofauti kati ya waliofanya vyema na waliofanya vibaya zilikuwa kubwa mno, ila hazikuelezwa sana na mshahara wala na miaka ya uzoefu. Jambo mojawapo lililojitokeza ni kwamba waliofanya vyema kwa kawaida walifanya kazi mahali penye utulivu, pasipo na simu na wapita njia wa kuwakatiza kila mara. Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha arobaini katika chumba cha walimu wakati wa mapumziko ya saa nne hahitaji kushawishiwa. Nilipomwuliza kijana timu yake huketi wapi, alisema kando ya wauzaji, ambao hupiga simu tangu asubuhi hadi jioni. Nadhani mkubwa angeweza kuokoa majuma mawili kwa kununua mlango.

Kisha nikamwuliza swali ambalo lilimnyamazisha kuliko yote. "Kati yenu watano, ni nani amewahi kumwona karani atakayeutumia mfumo huo?"

Hakuna.

Nilimkumbusha habari za M-Pesa. Programu yake ya kwanza iliandikwa Uingereza na kampuni ya Sagentia, maelfu ya kilomita kutoka kwa watumiaji. Lakini majaribio yalifanyiwa huku, kuanzia Oktoba 2005, kwa wateja wasiofika 500 wa Nairobi na Thika, na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone alikuja kuyasimamia papa hapa. Huduma ilikusudiwa kuwarahisishia watu ulipaji wa mikopo midogo. Waliowatazama wateja waligundua kwamba watu walikuwa wakiitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilizinduliwa kwa ajili ya kutuma fedha nyumbani, na mengine Wakenya tunayajua. Mhandisi anayejua kwamba mama mboga fulani atakosa usingizi hesabu isipolingana hahitaji kusukumwa sana. Asiyemjua mtu yeyote ataona tarakimu na makataa tu, na tarakimu hazimwamshi mtu alfajiri.

Tulikaa hadi jua likashuka. Kijana aligeuza bahasha upande wa pili akaandika atakayomwambia mkubwa wake. Kati ya wale kumi angeomba wawili tu, naye angewakabidhi kazi ya kuujaribu mfumo na kuandika maelezo ya watumiaji, kazi isiyowahitaji wale watano kuacha meza zao. Angeomba chumba chenye mlango. Angewapeleka wote siku moja wakakae na makarani. Yule mhandisi wa asilimia 90 angemwita faraghani, na angeanza kwa kumweleza mahali ambapo yeye mwenyewe, kiongozi, amekwama. Mwisho aliandika tarehe: 30 Novemba. Mkono ulisita kabla ya kuiandika.

"Na akinifuta, Mwalimu?"

Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilimwambia kwamba Novemba itafika ama aitaje ama asiitaje, na kwamba aliyeitaja mwezi wa Agosti ataaminika zaidi kuliko atakayeikiri Septemba usiku. Aliikunja bahasha akaitia mfukoni, akanishukuru, nami nikamsindikiza hadi kituo cha matatu.

Jumatatu saa tano asubuhi nilipata ujumbe wake mfupi. Mkubwa amewakubali wale wawili na kuwarudisha wanane. Chumba kimepatikana, ingawa ni stoo. Kuhusu Novemba, amesema atafikiri. Hadi ninapoandika haya, angali anafikiri.